Gari ni ya hire, mileji ni ya nani? Hesabu inayochoma vijana wa kazi pale Feri

Kila asubuhi pale Feri utawaona: shati limenyooka, sampuli kwa buti, gari ya hire iko foleni ikingoja kuvuka Likoni. Kazi iko Ukunda. Boss alisema tu, "Kodi gari, utadai mileji." Hapo ndipo noma huanzia.

Kampuni nyingi Kenya hulipa mileji kwa kufuata viwango vya AA. Ile pesa ya kila kilomita si ya mafuta peke yake. Ndani yake kuna bima, sevisi, tairi na gari kuchakaa. Yaani imepigiwa hesabu ya mtu anayetumia gari lake mwenyewe. Ukiwa na ya hire, hizo gharama ni za mwenye gari, na ushamlipa kwa siku.

Piga hesabu. Tuseme ofisi inatoa 40 bob kwa kilomita. Feri hadi Ukunda na kurudi ni kama kilomita 60, so unapata 2,400. Lakini hire ni 4,000 na mafuta 1,000. Umeenda kazi ya mtu na umetoa 2,600 mfukoni mwako.

Sasa geuza gari uende Nairobi na kurudi, kama kilomita 960. Mileji ni 38,400. Hire ya siku tatu 12,000, mafuta 12,000. Imebaki 14,400 mkononi. Tamu, ila auditor akiishika hataiita mileji, ataiita wizi.

So dai kile ulicholipa: hire, mafuta na tiketi ya feri. Pale kwa maji magurudumu hayazunguki, lakini tiketi umelipa. Ukipitia Dongo Kundu, tiketi hakuna ila mafuta yanaongezeka. Risiti ndizo zitakuongelea.

Na si risiti ya kuandikwa kwa kalamu. Tangu Januari 2024, KRA inataka gharama za biashara ziwe na invoisi ya eTIMS. Bila hiyo kampuni inakatwa kodi juu ya pesa ishatumika, ndio maana mhasibu anakurudishia karatasi zako. Muulize msee wa hire kabla hujachukua funguo, na umpe PIN ya kampuni, si yako.

Boss naye aandike kwa meseji au email: analipa mileji, ama analipa hire na mafuta? Neno la mdomo halivuki feri.