Kasulu nayo ina sura yake

Najua nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya TP na ripoti zake. Leo sina habari za hosteli wala za mkopo kuchelewa. Nina jambo la nyumbani, Kasulu na Kibondo, na nalisema moja kwa moja: halmashauri zetu zinahitaji sheria ndogo ya kulinda sura ya nje ya majengo ya zamani, na zinaihitaji kabla fremu hazijamaliza mtaa.

Tangu ujenzi wa lami ufike kwetu, kila mwenye nyumba mbele ya barabara anataka fremu. Nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye baraza na madirisha ya mbao, inavuliwa uso. Baraza linazibwa, geti la chuma linawekwa, vigae vinabandikwa ukutani, halafu kampuni ya simu inakuja kupaka rangi yake bure kuanzia msingi hadi kwenye kenchi. Ukishuka kwenye basi hujui uko Kasulu, Kahama au Geita.

Kuna atakayeuliza, kwani sheria haipo? Ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ikarekebishwa 1979. Hiyo inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Jamani, 1863! Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na reli ilifika Kigoma 1914. Sasa niambieni ni jengo gani la Kasulu mjini au Kibondo litakaloingia hapo. Waziri anaweza kutangaza jengo la baadaye kuwa la kumbukumbu, sawa, lakini waziri ana nchi nzima ya kuangalia. Kinachonichekesha ni kwamba milango ya kuchonga imepewa mwaka wake, 1940. Yaani mlango unaweza kulindwa na ukuta unaoushika usilindwe!

Na sisi Waha tuna sababu nyingine ya kuwa na haraka. Wazee wetu walijenga misonge ya nyasi, na nyasi hazikai miaka mia. Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya 1972, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, makazi ya zamani yakageuka migomba na vichaka. Kilichobaki cha kuonyesha ni kidogo mno: majengo ya misheni, ofisi za wakati wa Mwingereza, maduka machache ya zamani. Mimi nasomea ualimu wa historia. Nikimfundisha mtoto wa Kasulu kuhusu Mwami Theresa Ntare wa Heru, nataka nimtoe darasani nimwonyeshe hata ukuta mmoja wa enzi zile. Picha ya kitabuni anayo tayari.

Wenzetu wa Zanzibar wamelifanyia kazi hili. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, ukapata mpango wake mkuu 1994, ukaingia urithi wa dunia mwaka 2000. Pale huongezi ghorofa, hubadilishi roshani wala dirisha la mbele bila kibali, na lipu inatakiwa iwe ya chokaa. Hii ya chokaa si urembo tu. Ukuta wa zamani unavuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanakwama ndani. Kwetu nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa udongo katikati ya matofali, na mvua zetu mnazijua. Misimu kadhaa tu, lipu inabanduka pamoja na uso wa tofali, fundi anakwambia tofali lilikuwa bovu!

Lakini kibali peke yake hakishiki ukuta. Beit al Ajaib, jumba la 1883, liko katikati ya huo Mji Mkongwe wenye sheria zote, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Kwa hiyo sisemi tukopi kila kitu.

Hoja ngumu zaidi nimeipata kwa baba mdogo. Nyumba ya babu iko mbele ya barabara na yeye anataka kuifanya fremu nne. Nikamwamkia, nikaeleza haya yote kwa heshima, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo historia inalipa ada ya wadogo zako?" Hana kosa. Huwezi kumwambia mtu akutunzie mji kwa mfuko wake.

Ndiyo maana nataka sheria ndogo iwe ndogo kweli. Ndani ya nyumba isiingie kabisa. Fremu ziruhusiwe, ila baraza libaki wazi na nafasi za milango na madirisha ya mbele zisibadilishwe. Bati bovu libadilishwe bila maswali. Tangazo likae kwenye kibao, ukuta usipakwe rangi ya kampuni. Na anayekubali masharti haya asilipe ada ya kibali hata senti, hapo ndipo baba mdogo atakapokaa mezani.

Uwezo upo. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinazipa halmashauri nguvu ya kutunga sheria ndogo, ndizo hizo hizo wanazotumia kwenye ushuru. Na tusiambiwe wananchi hawataelewa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipoweka meta 30 kila upande toka katikati ya barabara kuu, mbona hata bibi yangu anaijua? Aliona X nyekundu kwa jirani.

Ningeanza na majengo kumi Kasulu na kumi Kibondo, yasizidi. Wanafunzi wangu wa TP kule Kibondo wameshaanza kuandika orodha yao kwenye daftari, wamefika sita, na wanabishana kama la sita ni la zamani au limechakaa tu.