Mkanda ni wa nani? Jinsi ugomvi wa mikataba unavyowanyima mashabiki mapambano makubwa ya MMA

Tarehe 14 Januari 2023, Francis Ngannou wa Kamerun alipoteza mkanda wa dunia wa uzito wa juu wa UFC bila kupigwa ngumi hata moja. Rais wa UFC, Dana White, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mazungumzo ya mkataba mpya yameshindikana, bingwa ameachiwa aende zake, na mkanda uko wazi.

Kwa msikilizaji aliyezoea ndondi au soka, jambo hili linashangaza. Bingwa hujulikana kwa kumshinda mwenzake, na huvuliwa ubingwa akishindwa. Inakuwaje karatasi imvue mkanda mtu ambaye hakuna aliyemwangusha? Katika makala hii tunaeleza jinsi mikataba ya mchezo huu ilivyo, nani anaumia ugomvi ukizuka, na kijana wa kwetu anayeutamani mchezo huu aangalie nini kabla ya kusaini.

Kwanza, MMA na UFC ni nini?

MMA ni mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. UFC ni kampuni ya Marekani iliyoandaa pambano lake la kwanza mwaka 1993. Mwaka 2001 ilinunuliwa kwa dola milioni 2 tu. Mwaka 2016 iliuzwa kwa takriban dola bilioni 4. Leo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote katika mchezo huo.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa na ndondi. Katika ndondi promota huandaa pambano, lakini mikanda hutolewa na vyombo vingine, kama WBC, WBA, IBF na WBO. Bondia akigombana na promota wake anaweza kuhamia kwa mwingine na bado akabaki na mkanda. Katika UFC, kampuni inayoandaa pambano ndiyo hiyo hiyo inayopanga nani apigane na nani, inayotangaza bingwa na inayomiliki mkanda. Mpiganaji akitoka, mkanda anauacha mlangoni.

Mkulima wa pamba au tumbaku anaielewa hali hii haraka. Kama mnunuzi ni mmoja, mizani ni yake na bei anapanga yeye, basi ubora wa mzigo wako hautoshi kukupa bei nzuri. Unahitaji pia uwezo wa kupeleka mzigo kwa mwingine.

Ngannou alikataa nini?

Ngannou alizaliwa Batié, magharibi mwa Kamerun, na alipokuwa mtoto alifanya kazi katika machimbo ya mchanga. Mwaka 2012 aliondoka nyumbani, akavuka jangwa la Sahara hadi Morocco, kisha akaingia Hispania, ambako alifungwa jela kwa muda kabla ya kufika Paris. Huko alilala nje, kisha akapokewa katika ukumbi wa mazoezi wa MMA. Desemba 2015 alipigana kwa mara ya kwanza UFC. Tarehe 27 Machi 2021 alimwangusha Stipe Miocic kwa KO raundi ya pili na kuwa bingwa wa dunia.

Januari 2022 alitetea mkanda dhidi ya Ciryl Gane wa Ufaransa, akashinda kwa pointi akiwa na goti lililoumia. Malipo yake ya msingi yaliyotangazwa kwa usiku huo yalikuwa dola 600,000. Kwetu sisi hizo ni fedha nyingi sana. Lakini mezani kulikuwa na mkataba mpya wenye fedha zaidi, naye alikuwa amekataa kuusaini. Alipanda kizimbani na goti bovu ili amalize mapambano ya mkataba wa zamani na abaki huru.

Madai yake hayakuwa ya fedha peke yake. Mwenyewe alieleza hadharani kwamba aliomba ruhusa ya kupigana ndondi, haki ya kuwa na wadhamini wake binafsi, bima ya afya kwa wapiganaji, na mtu wa kuwasemea wapiganaji katika vikao vya kampuni. Tangu mwaka 2015 wapiganaji wa UFC huvaa sare za kampuni wanapopigana, na nembo za wadhamini wao binafsi haziruhusiwi kizimbani.

Vifungu vinavyofunga

Mikataba ya UFC imejadiliwa mahakamani, kwa hiyo sura yake inajulikana. Vipo vifungu vinne ambavyo msikilizaji akivielewa, ameuelewa ugomvi wote.

Cha kwanza ni upekee: ukisaini, hupigani popote pengine. Cha pili ni cha bingwa: ukishika mkanda, mkataba huongezewa muda wenyewe. Maana yake ni kwamba wakati ambao jina lako lina thamani kubwa sokoni ndio wakati ambao huwezi kwenda sokoni.

Cha tatu ni cha kusimamisha saa. Ukiumia, ukikataa pambano au ukitangaza kustaafu, siku hizo hazihesabiki. Mkataba unakungoja ulipouacha. Cha nne huanza mkataba unapoisha: kampuni ina kipindi cha kuzungumza nawe peke yake, na baada ya hapo ina haki ya kulinganisha ofa yoyote utakayoletewa na mwingine.

Ngannou alipona kwa sababu mkataba wake ulikuwa na ukomo wa miaka mitano, uliofika Desemba 2022. Alikaa karibu mwaka mzima bila kupigana akisubiri tarehe hiyo. UFC ilipomwachia, iliacha pia haki yake ya kulinganisha ofa.

Pambano lililokufa mara mbili

Mashabiki walilipa gharama kubwa hapa. Pambano lililosubiriwa kuliko yote katika uzito wa juu lilikuwa Ngannou dhidi ya Jon Jones wa Marekani, anayehesabiwa na wengi kuwa mmoja wa wapiganaji bora katika historia ya MMA.

Mwaka 2020 Jones alikuwa bingwa wa uzito ulio chini ya ule wa Ngannou. Alitaka kupanda akutane naye, lakini akataka alipwe zaidi. Hawakuelewana. Agosti mwaka huo akauachia mkanda wake, na hakupigana tena hadi mwaka 2023. Mkutano wao ukafa kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya mkataba wa Jones.

Mara ya pili ulikufa kwa sababu ya mkataba wa Ngannou. Machi 2023 Jones alipanda kizimbani kugombea mkanda ulioachwa wazi, akakutana na Gane, yule yule aliyeshindwa na Ngannou. Jones alimkaba kabali raundi ya kwanza, dakika ya tatu ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza. Akawa bingwa halali kwa kanuni za kampuni. Lakini shabiki alibaki na swali ambalo halijajibiwa: kati ya Jones na Ngannou, nani zaidi?

Mwaka 2007 pia ilitokea hivyo. Randy Couture, bingwa wa uzito wa juu, alijiuzulu UFC akitaka kupigana na Fedor Emelianenko wa Urusi, aliyekuwa nje ya kampuni hiyo. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka uliofuata Couture akarudi UFC, akashindwa na Brock Lesnar. Pambano lake na Emelianenko halikufanyika kamwe.

Promota naye ana hoja

Si haki kumweka promota upande wa ubaya tu. UFC ilimchukua Ngannou akiwa hajulikani, ikamtangaza dunia nzima, ikalipia kumbi na matangazo ya televisheni. Kampuni inaona kwamba ikiwekeza kwa mtu miaka kadhaa, kisha akaondoka na jina lote, imewajengea washindani nyumba. Mapato ya mapambano makubwa ndiyo pia yanayolipa wapiganaji wadogo wa mapambano ya awali.

White alidai siku ile ya Januari kwamba Ngannou anataka kupigana na watu dhaifu zaidi kwa fedha nyingi zaidi. Mtu wa kwanza ambaye Ngannou alikutana naye baada ya hapo alikuwa Tyson Fury, bingwa wa ndondi wa WBC ambaye alikuwa hajawahi kushindwa.

Sheria ya ndondi haiwagusi

Marekani ina sheria inayoitwa kwa jina la Muhammad Ali, iliyopitishwa mwaka 2000. Inawalinda mabondia dhidi ya mikataba ya kushurutisha, na inamtaka promota amweleze bondia mapato anayopata kutokana na pambano lake. Lakini ni ya ndondi. Mwaka 2016 mbunge Markwayne Mullin, aliyewahi kuwa mpiganaji wa MMA, alipeleka muswada wa kuipanua ifike kwenye MMA. Haukupita.

Tofauti hii tunaiona tukiangalia soka letu. Feisal Salum, Fei Toto, alipotaka kuvunja mkataba wake na Yanga Desemba 2022, miezi ile ile ya mgogoro wa Ngannou, shauri lilisikilizwa na kamati ya TFF. Uamuzi haukumpendeza mchezaji, na mwishowe alikwenda Azam mwaka 2023. Lakini palikuwa na mahali pa kupeleka shauri, nje ya klabu. Mpiganaji wa MMA hana shirikisho la namna hiyo wala chama cha wafanyakazi chenye nguvu. Anabaki na mahakama, ambayo ni ghali na haina haraka.

Na haina haraka kweli. Desemba 2014 Cung Le, Nate Quarry na Jon Fitch waliishtaki kampuni iliyoendesha UFC kwa madai ya ukiritimba. Wataalamu wa upande wa wapiganaji walieleza kwamba UFC iliwalipa takriban asilimia 20 ya mapato, wakati wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA hupata karibu nusu. Mwaka 2024 pande mbili zilikubaliana dola milioni 335, jaji akakataa. Zikaongezwa hadi milioni 375, na Februari 2025 suluhu hiyo ikapitishwa kwa ajili ya wapiganaji zaidi ya elfu moja waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017. Ilichukua miaka kumi. Fedha zililipwa, lakini suluhu hiyo haikubadili vifungu vya mikataba. Kesi ya pili, iliyofunguliwa mwaka 2021 kwa ajili ya waliopigana kuanzia Julai 2017, haikuingizwa humo.

Nje kulikuwa na nini?

Mei 2023 Ngannou alisaini na PFL, kampuni pinzani. Alipewa ruhusa ya ndondi, hisa, na uenyekiti wa PFL Africa. Pia alihakikishiwa kwamba atakayepigana naye katika PFL atalipwa si chini ya dola milioni 2. Kifungu hicho kinasema mengi, kwa kuwa alimwombea mpinzani wake.

Oktoba 2023 mjini Riyadh alimwangusha Fury chini raundi ya tatu, akashindwa kwa pointi ambazo majaji wenyewe waligawanyika. Machi 2024 Anthony Joshua alimpiga KO raundi ya pili. Ndondi hizo mbili zilimpa mamilioni ya dola. Katika MMA, hata hivyo, hakupigana tena hadi Oktoba 2024, alipomshinda Renan Ferreira. Ni miaka miwili na miezi tisa tangu Gane, na kwa mtu aliyekaribia miaka 40 muda huo haurudi.

Kwa hiyo tunavyoona, Ngannou alishinda kama mfanyabiashara na akapoteza sehemu ya miaka yake kama mpiganaji. Na njia yake haifuatwi na kila mtu. Alikuwa na jina, alikuwa na uvumilivu wa kukaa bila mapato, na nje alikuwapo mnunuzi mwingine. Mpiganaji wa kawaida, anayesubiri malipo ya pambano lijalo alipe kodi ya nyumba, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Ukiletewa mkataba

Jambo hili haliko mbali nasi tena. PFL Africa ilianza Cape Town Julai 2025, na Oktoba mwaka huo ilifika Kigali. Mapromota watatafuta vijana Afrika Mashariki, na mikataba italetwa, mara nyingi kwa Kiingereza na mara nyingi ikiwa na haraka. Kabla ya kusaini, pata majibu ya maswali haya:

1. Mkataba unaisha lini, kwa tarehe au kwa idadi ya mapambano?
2. Ni mambo gani yanayouongezea muda bila wewe kusaini tena?
3. Ukiumia mazoezini, nani analipa hospitali, na siku za kuumwa zinahesabikaje?
4. Ukikosa kupangiwa pambano kwa mwaka mzima, unaruhusiwa kupigana kwingine?
5. Jina na picha zako ni za nani, na kwa muda gani?
6. Mkigombana, shauri litasikilizwa nchi gani na kwa sheria ya nani?

Mtafute mwanasheria, au mtu anayeaminika mwenye kuijua lugha ya mkataba, akusomee ukurasa kwa ukurasa. Na asiwe mtu aliyeletwa na promota. Kama promota anakuambia nafasi itapotea usiposaini leo, omba nakala uondoke nayo. Akikataa kukupa nakala, usisaini.