Ua Lipigwe Picha, Lisichemshwe

Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengine watasema si la ukurasa wa afya: vijana wetu na simu zao milimani.

Mvua za vuli zikishashika, vilima vya Kituntu hubadilika sura. Mahali palipoungua wakati wa kiangazi huchipua nyasi changa, na kabla hazijarefuka maua hutangulia: mengine mekundu, ya mviringo kama mpira wa nyuzi, mengine ya rangi ya chungwa yaliyopangana kwenye bua moja. Jumapili baada ya Misa utawaona vijana wakipanda huko kwa makundi, wakiinama kila hatua kupiga picha. Wazazi wengine hunung'unika kwamba ni uvivu. Sisi hatukubaliani nao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na anayeshinda dukani au juu ya pikipiki huzipata wapi? Mlima humtoa jasho bila ada. Tena ua lililopigwa picha hubaki na mzizi wake, na mwakani litachanua tena.

Linalotutia hofu ni safari ya picha hiyo baada ya kushuka mlimani. Msimu uliopita picha moja ilizunguka katika simu za jumuiya yetu. Ilikuwa ya ua zuri kweli: petali zimekunjukia juu kama ndimi za moto, nyekundu na njano, na ncha za majani zimejisokota kushika vichaka. Chini yake mtu aliandika kwamba mzizi wake hutibu tumbo. Jirani yetu mmoja alikuwa ameshainjika sufuria. Bibi mmoja aliyepita kuomba moto ndiye aliyeuona mzizi ule na kupiga kelele, "Mwanangu, mwaga!"

Bibi alikuwa na haki. Wataalamu wa mimea huliita ua hilo Gloriosa superba. Mzizi wake hufanana na kiazi kikuu, na una sumu iitwayo kolchisini. Aliyeula huweza kukaa saa kadhaa bila dalili, kisha huanza kutapika na kuhara. Baadaye figo, moyo na uboho huharibika. Watu wamekufa kwa kudhani ni kiazi. Tusitegemee kwamba kuchemsha kutaiondoa sumu.

Hatusemi kwamba dawa za mababu hazina maana. Lakini anayezijua kweli hushika jani, hulinusa, hulipasua, huuliza lilichimbwa wapi. Picha haina harufu wala utomvu. Haioneshi mzizi. Kumtumia mama mwenye mtoto mgonjwa picha ya ua na kumwambia achemshe, kwa maoni yetu, ni sawa na kumpa chupa isiyo na lebo.

Picha ina kazi moja ya tiba, nayo ni kubwa. Mtoto akila mmea usiojulikana, mpelekeni hospitali mara moja, msingoje aanze kutapika. Chukueni kipande cha mmea au upigeni picha vizuri, majani, ua na tunda, ili mganga ajue anapambana na nini.

Kupenda maua ya Karagwe hakukuanza na simu. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika. Grant alikuwa mchoraji na mpenda mimea. Mimea iliyokusanywa katika safari yao ilichapishwa London miaka ya 1870. Januari 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda, lakini Grant alibaki Karagwe hadi Aprili kwa sababu ya mguu uliovimba na kutoa usaha. Madaktari wa siku hizi wamedhani huenda kilikuwa kidonda cha Buruli, ugonjwa unaohusishwa na maeneo ya maji yanayokwenda polepole. Mara nyingi huanza kama uvimbe mdogo usiouma, ndiyo maana watu huupuuza. Siku hizi hutibiwa kwa antibiotiki kwa wiki nane, na ukiwahiwa, mguu hupona vizuri zaidi.

Tunalitaja hilo kwa sababu wapiga picha wetu hawaishii mlimani. Wakiona yungiyungi huvua viatu na kuingia majini, mahali penye konokono wa kichocho, au huomba mtumbwi. Mwaka jana tulikuwa wanne ndani ya mtumbwi mmoja, na kijana wetu akasimama apate picha ya ua kwa juu. Mtumbwi uliinama, maji yakaingia hadi magotini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jaketi okozi. Mwenye mtumbwi, mzee wa makamo, hakusema neno. Alimshika kijana shati, akamkalisha, kisha akapiga kasia taratibu hadi pembeni ya ua lenyewe, akamwambia apige akiwa amekaa.