Kompresa yenye kelele itakuhamisha ploti

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Hilo sijutii sana. Ninachojutia ni kompresa ya kwanza niliyonunua.

Mimi huchora na kupaka rangi helmeti za watu wa boda na raba za vijana, hapa Umoja. Chumba cha mbele ni karakana, cha nyuma ni kitanda. Mwaka jana nilitoa akiba yote, elfu 18, nikabeba mashine ya hospawa 2, tangi la lita 50. Muuzaji aliniambia, "Hii ndiyo kazi, boss." Nilipoiwasha nyumbani, vikombe vilicheza kwa kabati.

Siku ya tatu, jirani wa ukuta alibisha mlango. Ni nesi wa zamu ya usiku. Hakunitusi. Aliniuliza tu, "Sasa kijana wangu, mimi nilale saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Mwisho wa mwezi nilikuwa na notisi ya landilodi, na ile mashine niliiuza elfu 11.

Ndiyo maana nasema hivi: kwa sisi tunaofanyia kazi kwa nyumba, ukimya si anasa. Kelele ni gharama, kama tu kodi na tokeni za stima. Ukinunua mashine ya bei rahisi inayokufukuzisha, hujaokoa chochote.

Kosa letu wengi ni kuuliza hospawa kwanza. Uliza kwanza kazi yako inakula hewa kiasi gani. Kile kibunduki kidogo cha kuchorea hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika. Bunduki ya kupulizia rangi mlango wa gari inaweza kutaka lita 200 na zaidi. Mimi nilikuwa nimenunua lori la kubebea mkate mmoja.

Pili, soma desibeli, na usizihesabu kama kilo za sukari. Kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kama kelele imejirudia mara mbili. Kwa hivyo mashine ya 90 haijazidi ya 60 kidogo. Unaisikia kama mara nane. Uliza pia walipima wakiwa umbali gani. Ukipima kutoka mbali, hata mashine mbaya itaonekana na adabu.

Tatu, angalia mwendo wa mota. Nyingi za kelele huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Zile tulivu huzunguka kama 1,400, nusu yake. Lakini karatasi huvumilia chochote kilichoandikwa. Mwambie muuzaji aiwashe hapo dukani mpaka tangi lijae, nawe jaribu kuongea naye kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kupigiana kelele, rudisha pesa mfukoni uende duka lingine.

Najua mtaniambia Nairobi yenyewe ni kelele tupu: matatu, jenereta, wahubiri. Kweli. Lakini matatu hupita ikaenda. Kompresa yako iko ukutani kwa mtu, inajizima na kujiwasha siku nzima. Na sheria haiko upande wako. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi, na usiku kisheria unaanza saa mbili.

Wengine watasema mashine tulivu ni za wenye doo. Si lazima. Kazi ndogo inataka mashine ndogo, na ndogo tulivu inaweza kukugharimu sawa na ile kubwa ya makelele. Ninayotumia sasa ina tangi dogo, na hujaza polepole. Kuna wakati nangoja kidogo helmeti ikiwa mkononi. Nimezoea. Nimeiweka juu ya kipande cha mpira, mbali na ukuta wa jirani. Sikuifungia ndani ya sanduku, maana bila hewa mota huchemka ikaungua. Jioni natoa maji yaliyojikusanya ndani ya tangi lisije likaoza kwa kutu.

Nilipohamia ploti hii mpya, kitu cha kwanza kilikuwa kuiwasha, kufunga mlango, halafu kwenda kusimama mlangoni kwa jirani. Nikabisha, nikamuuliza kama anaisikia. Akasema, "Nasikia, lakini si mbaya. Usiku tu usiwashe."

Tulikubaliana hivyo. Saa moja na nusu jioni nachomoa plagi, hata kama kuna mteja anangoja helmeti.