Bunge la Kaunti Liko Wazi, Redio Zetu Ziko Wapi?



Washa redio kesho asubuhi. Utasikia salamu, matangazo ya vifo, dawa ya mgongo, halafu mheshimiwa anaingia studio kucheka na mtangazaji dakika arobaini bila kuulizwa swali hata moja la pesa. Ati hicho ni kipindi cha maendeleo. Sasa uliza: bunge la kaunti jana lilijadili nini? MCA wako alipiga kura upande gani? Kimya.

Usidhani hii ni maneno ndogo. Oktoba 2023 tingatinga ziliingia Mavoko kwenye ardhi iliyokuwa ikigombaniwa na kampuni ya East African Portland Cement, zaidi ya ekari 4,000. Watu walikuwa wamenunua ploti kwa akiba ya maisha yao, wakajenga, wana makaratasi mkononi. Kesi ilikuwa imekaa kortini miaka, na hukumu ilitoka mwezi huo huo katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Machakos. Hebu niambie: redio yako ilikueleza mara ngapi, kwa Kikamba au Kiswahili cha kawaida, kwamba ardhi ile ina kesi na usiiguse? Mtangazaji mmoja tu, akienda kortini kila kesi ikitajwa, angemwokolea mtu nyumba. Magazeti ya Nairobi yalikuja kupiga picha vifusi. Na Desemba 2024 vijana walipotekwa Mlolongo, mimi habari nilizipata X. Mlolongo iko kaunti gani kwani?

Wenye stesheni watasema hawana pesa. Ni kweli. Redio ya jamii kwa leseni yake si ya kutafuta faida, wengi pale wanajitolea, na tangazo la kaunti likiingia ndilo linalolipa stima. Hapo ndipo mdomo unafungwa. Kwa hivyo jueni hili: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, imetaja redio za jamii wazi wazi miongoni mwa njia ambazo kaunti inaweza kutumia kufikishia wananchi habari. Tangazo la kaunti linalipwa na ushuru wako, si zawadi ya gavana ya kununulia ukimya. Na Katiba, ibara ya 196, inakataza bunge la kaunti kufungia umma au wanahabari mlango, isipokuwa spika awe na sababu ya kipekee. Mlango uko wazi. Wanaokosa kuingia ni sisi.

Eti haiwezekani? Jirani zetu wa Makueni, vikundi vya akina mama wa Nthongoni, walianzisha Radio Mang'elete, na mwaka 2004 ikawa hewani. Akina mama wa kijijini! Na serikali inajua nguvu ya kitu hiki, manake redio ya jamii ya Homa Bay iliyoanza 1982 kwa msaada wa UNESCO ilifungwa 1984.

Na sisi Waislamu tusijifanye hatumo. Redio zetu zimefanya kazi kubwa ya darsa na tafsiri, Allah awalipe. Lakini ukitaka kipindi cha kuuliza bajeti ya hospitali, au kwa nini kijana wetu anazungushwa akitafuta kitambulisho, unaambiwa siasa isiingie redio ya dini. Tangu lini dawa ya mgonjwa ikawa siasa? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari. Utahakikishaje usiyoitafuta? Machakos sisi ni wachache, na wengi wetu ni Wakamba hasa. Redio za Kiislamu za Nairobi na Mombasa hazijui wodi yako. Za hapa zinatukumbuka siku ya Idd na siku ya bomu.

Basi wewe mwenye simu, wacha kungoja. Chagueni watu wawili kila msikiti, mmoja aende galari ya bunge, mwingine kortini, waandike yaliyosemwa, wapeleke stesheni wakiwa na majina na tarehe. Wakikataa kuyasoma hewani, tuyaweke hapa, na tuseme nani amekataa.

Ukitaka hesabu za barabara au zahanati yenu, andika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili na huulizwi ada ya kuiwasilisha. Weka nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa sababu ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu, malalamiko yanaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Aliye na barua tayari aniandikie inboksi, tuisome pamoja kabla ya Ijumaa.