Salio la Kadi ni Hela Yako: Somo la Sheria Kutoka Kwenye Treni za Japani

Vijana wenzangu, leo naomba tuzungumzie kadi ya nauli. Najua wengine mtasema tuna mambo makubwa zaidi ya kujadili. Nivumilieni kidogo, mtaona ukubwa wake uko wapi.

Mwaka jana nilikaa Tokyo wiki tatu kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi. Siku ya pili asubuhi, nikiwa natoka stesheni katikati ya umati, nikagusisha kadi kwenye geti. Likalia, na milango miwili midogo ikafunga njia mbele yangu. Nilijua sasa nitaoga matusi. Hakuna aliyesema neno. Foleni ilihamia geti la jirani, na mtumishi mmoja akanielekeza kwenye mashine ya pembeni. Kumbe salio lilikuwa halitoshi. Kule nauli ya treni inakatwa unapotoka, kulingana na umbali uliosafiri. Nikaongeza hela, nikagusisha tena, nikapita.

Niliporudi chumbani ndipo akili ya sheria ikaamka. Nimeweka yeni 3,000 kwenye kadi na nimetumia mia chache tu. Hela iliyobaki ni ya nani? Iko wapi? Na kampuni ikifilisika kesho, nani ananilipa?

Kwanza tuelewe kadi zenyewe. Kadi ya Suica ya kampuni ya JR East ilianza Novemba 2001 katika eneo la Tokyo. Inatumia teknolojia ya Sony inayoitwa FeliCa, ambayo Hong Kong ilikuwa imeshaitumia kwenye kadi yake ya Octopus tangu 1997. JR West wakaja na ICOCA mwaka 2003, na treni za kampuni nyingine za Tokyo pamoja na mabasi wakaleta PASMO mwaka 2007. Kwa miaka kadhaa kila eneo lilikuwa na yake. Machi 2013, kadi kumi kubwa zikaanza kupokelewa kwenye mitandao ya wenzake. Ukinunua yako Tokyo, unaitumia Osaka na Fukuoka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuitumia ni rahisi. Unalipa amana ya yeni 500, unajaza hela, mwisho yeni 20,000, basi. Kwenye mabasi, angalia jinsi wenzako wanavyofanya. Ndani ya Tokyo mengi yana nauli moja: unapandia mlango wa mbele na kugusisha mara moja. Miji mingi mingine unapandia nyuma, unagusisha unapoingia na unagusisha tena unaposhuka mbele kwa dereva. Ukisahau ile ya kwanza, mashine haijui umetoka wapi, ni lazima umweleze dereva.

Na jambo lililonifurahisha: mwenye pesa taslimu hafukuzwi. Stesheni zina mashine za tiketi za karatasi, na mabasi mengi yana kisanduku cha nauli chenye sehemu ya kuchenji sarafu. Kadi imeletwa kumrahisishia abiria, na bibi asiye na kadi bado anasafiri.

Sasa tuje kwenye sheria, ndiyo sababu ya makala hii.

Japani ina Sheria ya Huduma za Malipo, iliyoanza kutumika Aprili 2010. Kabla yake kulikuwa na sheria ya 1989 iliyohusu kadi za kulipia kabla. Yaani walianza kuliwekea sheria jambo hili miaka kumi na zaidi kabla ya Suica kuzaliwa! Kila tarehe 31 Machi na 30 Septemba, mtoaji wa kadi anahesabu salio lote ambalo wateja hawajalitumia. Likizidi yeni milioni 10, analazimika kuwekea dhamana angalau nusu yake: ama aweke fedha kwenye ofisi ya serikali, ama apate dhamana ya benki, ama aweke mikononi mwa wadhamini. Akiishiwa, wenye kadi wana haki ya kulipwa kutoka kwenye dhamana hiyo kabla ya wadai wengine. Na akiamua mwenyewe kuacha biashara ya kadi, ni lazima atangaze na arudishe salio.

Nusu si yote, na mimi ningetaka yote. Lakini angalieni msingi wenyewe: sheria imetambua kwamba abiria anayejaza kadi anamkopesha mwenye treni. Mmoja mmoja ni mkopo mdogo. Wakiwa mamilioni, ni mlima wa fedha uliokaa kwa mtu mwingine.

Msifikiri nawasifia tu. Mwaka 2013 iligundulika kwamba JR East iliwapa Hitachi, kwa malipo, kumbukumbu za safari za wenye Suica: umepanda wapi, umeshuka wapi, saa ngapi, pamoja na jinsia na umri. Majina yalikuwa yameondolewa, lakini abiria hawakuwa wameambiwa. Wananchi wakaja juu. Kampuni ikaomba radhi na kuruhusu watu waondoe taarifa zao. Mwaka 2015 sheria ya taarifa binafsi ikafanyiwa marekebisho, na moja ya mambo yaliyoongezwa ni masharti ya kutumia taarifa zilizoondolewa utambulisho. Kelele za abiria zilisaidia kusukuma hoja hadi bungeni. Mtu akikwambia kulalamika mtandaoni hakusaidii, mpe mfano huu.

Na mfumo mzuri nao una gharama. Novemba 2024, kampuni tano za mabasi na treni mkoani Kumamoto ziliacha kupokea kadi hizi za kitaifa kwa sababu kubadilisha mashine kulikuwa ghali mno. Zikabaki na kadi ya mkoa na kuelekea kwenye kadi za benki. Kwa hiyo hata Japani, swali la nani analipia mashine halijaisha.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kwetu kadi zimeshaingia, kuanzia mwendokasi hadi kivuko cha Kigamboni, na zitaongezeka. Kila mara mjadala unakuwa uleule: kadi ni ya kisasa au si ya kisasa, mashine inasoma au haisomi. Hayo ni muhimu, ila tunaacha swali la hela.

Na hatuanzi sifuri. Tangu 2015 tuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kanuni za fedha za kielektroniki. Salio lako la kwenye simu linatakiwa kuwa na fedha halisi zilizokaa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na hela za matumizi za kampuni. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama hela ya simu inalindwa, kwa nini buku mbili ya nauli ya mama muuza samaki wa Feri ilindwe pungufu?

Kwa hiyo msimamo wetu uwe huu. Kila kadi ya usafiri wa umma ije na majibu manne, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kituoni. Moja, salio letu linakaa akaunti gani na nani anaikagua? Mbili, nikitaka hela yangu nairudishiwa wapi na kwa makato gani? Tatu, kumbukumbu za safari zangu anaziona nani? Nne, asiye na kadi siku hiyo atasafirije?

Wabunge na madiwani wetu wayaulize haya kwenye vikao. Sisi tuyaulize dirishani, kwa heshima, kila tunapojaza.

Siku ya kuondoka nilirudisha kadi yangu. Utaratibu ulikuwa umeandikwa wazi: amana ya yeni 500 unarudishiwa, na salio linakatwa ada ya yeni 220. Kwa kuwa nilijua mapema, nililimaliza salio lote dukani kwa chai ya chupa na andazi lao, nikaenda dirishani na kadi iliyobaki sifuri. Yule dada akanikabidhi sarafu ya yeni 500 kwa mikono miwili.

Hakunipa zawadi. Ilikuwa hela yangu, na wote wawili tulilijua hilo.