Kunywea kwa Uvimbe Siyo Kupona

Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alitangaza habari za uvimbe wa taya unaowashika watoto wa Afrika. Saratani hiyo, iliyopewa jina lake, ingali inawapata watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi. Hukua upesi mno. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Hata hivyo hutibika, na hapo ndipo penye mtego. Mtoto aletwaye Bugando kutoka Ukerewe, shavu limefura na meno yamelegea, baada ya dawa za awali huonekana mzima. Mama yake, mwenye shamba na watoto wengine nyumbani, na nauli imemwishia, hufungasha. Nani atamlaumu? Lakini chembe zilizosalia hazionekani kwa macho, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Ndiyo sababu madaktari huagiza duru kadhaa za dawa.

Sisi watumishi tunahusika. Mkuu wa kazi amnyimaye mzazi ruhusa ya duru ya tatu, ati mtoto amekwisha pona, anamrudisha mtoto hatarini. Mwalimu naye asilifute jina lake daftarini, na awaeleze wanafunzi kwamba nywele zimeng'olewa na dawa, wala saratani haiambukizi. Tena nauli ya kurudi Mwanza haina budi kujadiliwa kijijini siku ile ile mtoto anaporejea, siyo siku uvimbe unapochomoza upya.